X Chini ya Cherehani

Barabara ile ya katikati ya jiji ilikuwa imechimbuliwa mwanzo mwisho ili magari yafungiwe nje na watu watembee kwa raha. Raha yenyewe ilikuwa bado. Kamene alivuka mtaro juu ya ubao, sketi yake ya kitenge cha manjano ameikunja mkononi, ubao ukayumba. Mkono wenye vumbi la simiti ukamdaka.

"Pole pole, mrembo."

"Na ningeanguka?"

"Ningeruka nikufuate huko chini."

Kamene akacheka bila kupenda. Huyo alikuwa Murunga, fundi wa kupanga kabro, yale matofali ya kutandika njia, mkaazi wa Kianda, Kibera. Kamene naye alitengeneza zipu na pindo kwa cherehani yake pembeni mwa barabara hiyo hiyo. Haukupita muda wakawa wanarudi nyumbani pamoja kwa miguu, Murunga akimfikisha hadi mlangoni kwake Gatina, Kawangware, kana kwamba Kibera imehama.

Lakini wasiwasi ulimla Kamene. Barabara ikiisha, wachuuzi watapelekwa wapi? Hakuna aliyejua. Asubuhi moja akakuta X nyekundu imechorwa chini, pale pale anapoweka cherehani, na Murunga amechutama kando, brashi mkononi. Nani Nairobi hajui X nyekundu? Kesho yake ni tingatinga. Kamene hakuuliza. Alibeba cherehani yake, akarudi Gatina, akalia mpaka macho yakavimba. Kila Murunga alipopiga simu, aliikata.

Ijumaa ikaita namba asiyoijua.

"Usikate, babe! Nimeomba simu ya Obiero, fundi mwenzangu."

"Babe wako ni hiyo brashi! Unanipiga X kama kibanda cha kubomolewa?"

"Kubomolewa? Kamene! Kwetu mafundi X ni 'ruka hapa, usipange kabro.' Hapo panamwagwa zege ya kuweka cherehani. Ndio nafasi yako! Sasa foreman anagawa nafasi leo, na kuna jamaa anapataka."

Kamene akaanza kutafuta viatu. "Uko wapi?"

"Nimekaa juu ya hiyo X. Foreman Muigai amesema niinuke nifanye kazi, ama niende nyumbani kabisa. Kuja!"

Alipanda boda na cherehani mapajani. Foleni ilipomkwamisha alishuka, akaitia begani, akakimbia huku akiomba Mungu. Akichelewa, nafasi imekwenda, na kazi ya Murunga imekwenda nayo, na yote kwa sababu hakuuliza.

Alimkuta bado amekaa chini. Foreman Muigai alikuwa amemsimamia, mikono kiunoni. Kando, mwanamume aliyebeba miavuli ya kuuza alisubiri.

"Mara ya mwisho, Murunga. Hapa ni pa nani?"

"Pa bibi yangu. Huyo amefika."

Kamene akapigwa na butwaa. Bibi? Lini alimuuliza? Hasira na furaha vilimpanda pamoja, asijue atangulize ipi.

"Mama," Muigai akamgeukia, "huyu ni bwana yako?"

Murunga hakuthubutu kuinua macho. Kamene akatua cherehani juu ya X, taratibu, akajifuta jasho.

"Ni yeye. Ila mbuzi wa ntheo hawajafika kwetu Kitui, na Mkamba bila hao mbuzi hajaoza binti. Kwa hivyo, boss, kesho Jumamosi usimtafute kazini."