Nimempata Mmoja

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, dukani kwa Noorali mjini Bagamoyo, waya wa kulehemu wa mwisho ulishikwa na mikono miwili kwa mpigo. Mmoja ulikuwa wa Twalha, fundi simu. Wa pili ulitoka kwenye baibui la buluu, na mwenye baibui hakuachia.

"Mwanamke na waya wa kulehemu, wapi na wapi?"

"Na mwanamume na adabu?"

Wateja wakacheka. Noorali aliukata waya katikati, akawauzia wote wawili.

Ndivyo Twalha alivyomjua Mardhiya, mtafiti wa malaria. Alikuwa akitengeneza transista ya plastiki, nyembamba kama ganda la kitunguu, ifanyayo kazi ndani ya majimaji. Alitaka itambue chembe moja tu ya damu yenye ugonjwa, kabla homa haijampanda mtu. Kila jioni alimsimulia Twalha kwa simu jinsi ilivyogoma, naye Twalha alimwambia kuwa hata simu za wateja wake zina huruma kuliko hiyo. Baada ya miezi minane barua ya posa ilikuwa imeandikwa. Zuhura, shangazi yake Twalha, angeipeleka kwa kina Mardhiya Ijumaa.

Jumatano saa tisa alasiri uliingia ujumbe wa Mardhiya: "Nimempata, Twalha. Mmoja tu, ndiye niliyemtafuta miaka miwili."

Aliusoma mara tatu. Hakuandika nimeipata, wala nimekipata. Twalha akampigia shangazi yake, akamwomba barua isiende, kisha akazima simu.

Alhamisi asubuhi Mardhiya alisimama mlangoni pa karakana, koti jeupe la maabara mwilini, macho mekundu.

"Shangazi kanambia barua imesimama. Nimekukosea nini?"

"Huyo uliyempata anaitwa nani?"

Mardhiya akakaa kwenye stuli.

"Mdudu, Twalha. Mdudu wa malaria."

"Si ungeandika kimelea?"

"Nani Bagamoyo huambiwa ana kimelea? Hospitali wanakwambia una wadudu."

Twalha alifunga karakana, wakaenda maabara.

Transista ilikuwa ndogo kuliko ukucha, imezama katika tone la maji. Kwenye skrini mstari wa umeme ulikwenda umenyooka, kisha ukashuka ngazi moja. Hapo, alieleza Mardhiya, ndipo chembe moja yenye mdudu ilipotua. Chembe isiyo na mdudu ikitua, mstari hautikisiki. Alikuwa amerudia mara mia mbili. Twalha alikuwa amelehemu transista kwa miaka kumi, na zote aliziepusha na maji. Aliinama juu ya hii mpaka shingo ikamuuma.

"Umeifanya isikie kitu kimoja kilicho hai," alisema taratibu. "Na mimi nikamwonea wivu mdudu."

"Tena alishakufa."

"Utanisamehe?"

"Mpigie shangazi yako kwanza."

Alimpigia hapo hapo, Mardhiya akisikiliza.

Ijumaa, baada ya sala, Shangazi Zuhura alibisha hodi kwa kina Mardhiya. Saa nane na nusu mchana barua ilipokelewa.