Shamba la Kula na Shamba la Kuuza

Kila asubuhi, kabla ya kubandika chai, Kezia alitoka uani kuangalia sukuma wiki zake. Alikuwa amezipanda katika magunia manane yaliyojaa udongo, nyuma ya nyumba yao huko Makongeni. Binti yake Awuor alikuwa na mimba ya miezi sita, na kliniki walisema damu yake ni kidogo. "Ale mboga za kijani kila siku," muuguzi alisema. Machoni pa Kezia, zile sukuma zilikuwa damu ya mwanawe.

Jumatatu moja alikuta unga mweupe juu ya udongo, mwembamba kama chumvi iliyomwagika. Akaufagia kwa mkono. Jumatano ulikuwa umerudi. Kufikia Ijumaa majani yalikuwa yameungua pembeni na kujikunja, na hakuna moto uliopita pale.

Kezia alifunga lango kwa kufuli. Akamwaga mchanga kuzunguka magunia ili aone nyayo za yeyote anayeumwaga unga ule usiku. Asubuhi mchanga ulikuwa laini vilevile, hata paka hakuwa amepita. Unga ulikuwepo, tena mwingi kuliko jana.

"Awuor, usikaribie hapo," alisema. "Na chakula cha Mama Kui usile tena."

"Aki Mama! Mama Kui amefanya nini?"

"Nani mwingine huingia humu? Si ni yeye aliniletea ile dawa ya udongo?"

Mama Kui ni Wangeci, jirani wa ukuta mmoja. Alikuwa amekodi nusu ekari huko Ruai, akilima sukuma wiki za kuuza sokoni. Ndiye aliyempa Kezia mbolea ya dukani na kumwambia: kiganja kimoja kila wiki, kama ninavyofanya kule. Kezia alifuata neno kwa neno. Sasa Wangeci akisalimu, Kezia alitazama kando.

Wiki hiyo alipita Maingi, afisa wa kilimo, akiandikisha wakulima wa mtaa.

"Bwana Maingi, usiguse," Kezia alinong'ona. "Hapa pana kitu."

Maingi aliukwangua ule unga kwa ukucha. Hakucheka, na hilo lilimtuliza Kezia kidogo. Akajaza udongo wa gunia kwenye kopo, akaumwagilia maji.

"Weka hili dirishani, ndani ya nyumba. Nitarudi Jumanne. Likiota unga, huyo mchawi wako ana ufunguo wa mlango."

Jumapili, wakirudi kutoka kanisani, Kezia alitazama dirishani. Kopo lilikuwa jeupe juu. Nyumba ilikuwa imefungwa siku nzima. Alikaa chini palepale, na gauni lake la kanisani.

Maingi aliporudi, alimweleza polepole.

"Unga unatoka ndani ya udongo wenyewe, mama. Ni chumvi. Mbolea imezidi, na maji ya kisima chenu pia yana chumvi. Maji yakikauka, chumvi hupanda juu na kubaki. Hiyo ndiyo inachoma majani."

"Na mbona Mama Kui anatumia hiyohiyo na sukuma zake zinanona?"

"Niambie kwanza. Wewe unalima ili iweje?"

"Tule. Huyu mtoto apate damu."

"Una maji kiasi gani? Na nani anakusaidia?"

"Mitungi miwili ya kisima. Niko peke yangu, nikishatoka kuuza mitumba."

"Basi sikiliza. Ukubwa wa shamba hautoshi kutuambia ni shamba la aina gani. Tunauliza mkulima anataka nini, na ana nini. Mama Kui anataka mzigo wa sokoni. Ana nusu ekari, na mvua huosha udongo wake. Wewe unataka sufuria ya jioni, na chumvi ya gunia haina pa kwenda. Mmea ni mmoja, mashamba ni mawili. Ushauri wake ni mzuri, lakini kwako unaua."

Walitoboa magunia chini, wakatoa udongo ule, wakaweka mwingine uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza. Kezia akaanza kukinga maji ya mvua. Akapanda terere, yaani mchicha, na kunde, mboga zinazowahi kuiva. Baada ya wiki nne Awuor alikuwa akila za nyumbani kila jioni. Kliniki wakasema damu yake imeongezeka.

Kezia alifurahi, lakini aliona aibu. Akachuma fungu la terere, akabisha kwa jirani.

"Mama Kui, nilidhani wewe ni mchawi. Nisamehe."

Wangeci alipokea lile fungu, akafungua mlango wazi.

"Ingia ndani," alisema. "Mimi pia nilikuwa nakuogopa. Ulipoacha kunisalimu na kumwaga mchanga uani, nilidhani mchawi ni wewe. Mwanangu Kui nimemkataza kukanyaga kwako mwezi mzima."