Ncha Nne za Shuka

Saa moja asubuhi chumba cha kufulia nguo cha hospitali kilikuwa kimeshachangamka. Mashine zilinguruma, mvuke ulipanda hadi darini, na wanawake wenye mabuti ya mpira walisukuma vitoroli vya shuka wakipigiana kelele za kupishana. Mwanamke mwenye gauni la drafti na kitambaa cheupe kichwani alisimama mlangoni akavuta pumzi. Miaka tisa, na harufu ya sabuni na dawa ya kung'arisha nguo ilikuwa ileile. Alikuwa amemwomba Mungu siku nne kabla ya kukubali kurudi hapa, tena baada ya kuhakikishiwa kwamba wafanyakazi wote wa zamani wameondoka.

"Mgeni, huku!" msimamizi alimwita. "Utakunja shuka na yule mrefu pale mezani. Haoni, na amerudi kazini mwaka huu tu, lakini kwa kukunja hapa hana mpinzani."

Mwanamke akatazama.

Alikuwa yeye. Mabega yaleyale, shati la kazi limefungwa vifungo hadi shingoni kama zamani, ila ngozi ya kuzunguka macho ilikuwa imejikunyata na kung'aa kama nta. Huyu ndiye mwanamume aliyemposa katikati ya mashine mbili zilizokuwa zikinguruma, akalazimika kurudia swali mara tatu ndipo lisikike. Na huyu ndiye aliyepofuka kwa mkono wa mwanamke huyu.

"Karibu, mwenzangu," alisema yule mrefu. "Una jina, au umeliacha getini?"

Mwanamke akasogea mezani. Akashika ncha mbili za shuka.

"Haya, bubu na kipofu! Msimamizi anajua kuoanisha watu."

Wenzao wakacheka.

Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja hushika ncha zake mbili, wakalivuta, wakakunja upande mmoja, kisha wakatembea hadi mikono ikutane. Lakini mwanamke huyu alitumia mkono wa kushoto, na shuka lilijisokota katikati kila alipokunja na mtu. Zamani ni mmoja tu aliyejifunza kugeuza mikono yake ili wapatane, na ndiye aliyempachika jina la Kushoto.

Shuka la kwanza likajisokota. Mrefu akaguna. "Turudie."

La pili, kabla mrefu hajafikiri, mikono yake ikajigeuza yenyewe. Shuka likanyooka. Wakasogeleana hadi vidole vikagusana, naye hakuachia.

"Kushoto," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Kushoto wangu."

"Usiniite hivyo kwanza. Siku ile, lile dumu la dawa lililokumwagikia machoni... mimi ndiye niliyeliweka juu rafuni bila kukaza kifuniko. Ulikuwa unaniita tuwahi kwa mjomba wangu kupeleka posa. Nilifanya haraka."

"Najua."

"Unajua?"

"Kitu cha mwisho nilichokiona duniani ni mshikio wa lile dumu. Ulielekea kushoto. Nani mwingine angeliweka hivyo? Niliwaambia wakubwa kwamba nililiweka mwenyewe, wasikufukuze."

Machozi yakamdondoka Kushoto juu ya shuka safi. "Nilikuja wodini. Nilifika hadi mlangoni, nikakusikia unapiga kelele ukinitaja. Nikajua unanilaani."

"Nilikuwa nakuita, we mwanamke!" Sauti yake ilipanda hadi vitoroli vikasimama. "Nilikuita mpaka koo likakauka. Dada yangu alipiga simu yako mwezi mzima."

"Nilitupa laini."

Mrefu akashusha sauti. "Macho yalinitoka siku moja. Wewe ulinitoka kila siku, kwa miaka tisa. La macho nilikusamehe kabla hata bandeji hazijafunguliwa. Hili la pili namwomba Mungu anipe moyo wa kulisamehe, na bado hajanipa."

"Nisamehe."

"Shika shuka. Wagonjwa wanasubiri."

Walikunja hadi jioni. Hakuna shuka lililojisokota tena, na hilo ndilo lililomuumiza Kushoto zaidi. Alipotoka alimwambia msimamizi kwamba kesho hatarudi.

Alikuwa kwenye kituo cha basi, mabuti yake kwenye mfuko wa plastiki, simu ilipolia.

"Msimamizi kanipa namba," ilisema ile sauti. Nyuma yake mashine zilinguruma. "Anasema umeaga. Unakimbia tena?"

"Sitaki uumie kila asubuhi kwa sababu yangu."

"Kwani nilipokuwa peke yangu sikuumia?"

Kushoto akafumba macho. "Una mke?"

"Sina. Wewe?"

"Sikuolewa."

Kushoto akaukumbatia mfuko wa mabuti.

"Umenisamehe?" aliuliza.

"Bado. Sitakudanganya. Lakini naona itakuwa rahisi kuomba ukiwa karibu." Akakohoa. "Saa moja kamili. Ukichelewa nitakunja na msimamizi, na yule anavuta shuka kama anagombania kiwanja."

Kushoto akacheka huku analia. "Nitakuja."

"Na Kushoto..."

"Naam."

"Laini hii usiitupe."