Damu Moja, Majibu Mawili

"Andika kumi nukta nne."

"Mashine imesoma kumi na tatu nukta mbili."

"Nimesema andika kumi nukta nne, mpenzi."

Binti aliendelea kuitazama mashine. Mkuu wa maabara, mchumba wake, alikuwa ameegemea mlango alioufunga mwenyewe, ufunguo mkononi. Fomu ilikuwa mezani. Wakaguzi walikuwa wamegawa damu moja kwa maabara kumi na mbili, waone kama zote zitatoa jibu moja la wingi wa damu. Binti ndiye mpimaji, na saini ilitakiwa iwe yake.

"Hiyo namba umeitoa wapi?"

"Kwa rafiki yangu wa maabara ya ng'ambo ya barabara. Mashine yao mpya."

"Kwa hiyo yetu mbovu."

"Inachezacheza tu. Tukisema ukweli wanatufungia maabara, sote tunarudi kukaa nyumbani. Na kadi zimeshagawiwa, harusi Jumamosi!"

Simu ya binti ikatetema. Ujumbe wa wifi yake: "Wifi, gauni limefika! Mama analia kwa furaha."

Alihisi chumba kimekuwa finyu. Kila alikogeuka alimkuta mtu yule yule: bosi kazini, mchumba nyumbani, mtoto wa watu waliokwisha kumwita mkwe.

"Nifungulie nitoke."

"Saini kwanza."

Simu ikaita. Mdogo wake, mjamzito wa miezi saba. Juzi alipimwa hapa hapa, akaambiwa damu ni kumi na moja. Lakini ngazi tatu tu zilimtoa pumzi, ndipo binti akamsihi akapime kwingine. Binti akapokea kwa spika.

"Dada, wamenilaza. Damu ni nane. Daktari anauliza nani alinipima mara ya kwanza."

"Mwambie ni mimi," alijibu, machozi yakimtoka. "Nakuja."

Akakata. Mchumba wake alikuwa anatazama sakafu.

"Ulijua tangu lini?"

Akaanza kuuzungusha ufunguo kidoleni.

"Si nakuuliza?"

"Hii wiki ya sita."

"Wajawazito wangapi?"

"Sijui. Niliogopa, mpenzi. Niliogopa tu."

Binti akachukua kalamu. Akaandika kumi na tatu nukta mbili, akatia saini.

"Fungua, au nampigia mkaguzi humu humu."

Mwanaume akaingiza ufunguo, ukakosa tundu mara mbili. Mlango ulipofunguka, binti hakutoka. Alimwekea mbele daftari la wajawazito na simu ya ofisi.

"Piga. Mmoja mmoja. Waambie wakapime upya kwingine, na waambie kwa nini."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi nitakuwa wodini."

"Na sisi je?"

Alimtazama mtu aliyempenda miaka minne. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Hujampigia hata mmoja. Piga."

Mwanaume akabonyeza namba ya kwanza.

"Haloo, mama? Samahani. Majibu ya damu tuliyokupa hayakuwa sahihi. Na mimi nilijua."

Ndipo binti akachukua mkoba wake, akatoka.