Aliyerukwa Hewani

Abdikarim alilala kifudifudi kwenye mstari wa kwanza wa mahindi, nyuma ya mtaa wa Kipsongo, Kitale, kofia yake bado kichwani. Damu ilikuwa imeganda chini ya kofia. Karibu naye pikapu yake ilisimama boneti wazi, na spana ya magurudumu ilikuwa imetupwa chini ya bampa.

Inspekta Jerono alichutama, akainuka, akachutama tena. Hakuwa mtu wa kutulia. Asubuhi hiyo hata maiti ilionekana kumchelewesha.

Simu ya marehemu ilikuwa mfukoni. Pochi pia. Vilivyokosekana ni viwili: betri ya gari na redio.

"Redio ya muziki?" aliuliza Sajini Nyambu, akichungulia tundu tupu kwenye dashibodi.

Fardosa, mjane wa marehemu, alikuwa ameshafika. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba haikuwa ya muziki. Ilikuwa redio kuukuu ya watu wa ridhaa, wale wenye leseni ya kuzungumza wao kwa wao hewani bila simu. Uso wa redio ulikaa kwenye dashibodi, mwili wake chini ya kiti, antena yake nyuma ya pikapu. Akiwa kwenye kazi zake za kufunga umeme wa sola, mumewe aliongea nayo hadi Bungoma, na siku hewa ikiwa nzuri, hadi nchi ambazo Fardosa hakuzijua. Jana alasiri aliondoka nyumbani akisema atalala kazini, Bungoma. Ndiyo maana hakumtafuta.

Kisha akauliza swali lake moja. Angepewa mwili lini? Walitaka kuzika kabla ya jua kutua.

Jerono alisema daktari wa upasuaji angeharakishwa. Hakuwa na hakika.

Kabla ya adhuhuri makachero walimleta Kizito, muuza vyuma chakavu wa Kipsongo, wakiwa na betri ya pikapu iliyokutwa kwenye mkokoteni wake. Mkuu wa kituo alifurahi kupita kiasi. Kesho asubuhi, akasema, mtu huyo apelekwe mahakamani kwa mauaji, na faili ifungwe.

Jerono aliomba kwanza azungumze naye.

"Betri umetoa wapi?"

"Kwa hiyo pikapu, madam. Leo alfajiri. Siwezi danganya, imejaa alama zangu za vidole."

"Na mwenye gari?"

"Sikumwona. Boneti ilikuwa wazi, kumetulia. Ningeona maiti ningekimbia mpaka Uganda."

"Redio iko wapi?"

"Redio gani? Mimi ni wa chuma na betri, bana. Hiyo redio nitaita nani?"

Nyambu aligeukia ukuta ili asicheke.

"Ulikata nyaya zake?"

"Sikukata. Nilizipata zimeachiliwa kwa betri. Nyekundu na nyeusi, zimefungwa tepu kwa ncha. Nikasema leo Mungu amenirahisishia kazi." Kisha kicheko kikatoweka usoni mwake. "Madam, mke wangu ako na mimba. Mkinipeleka kesho, mtoto atazaliwa akiitwa wa muuaji."

Jerono alitoka karibu akikimbia. Pikapu ilikuwa imevutwa hadi uani mwa kituo. Akaingiza mkono chini ya kiti, akafuata nyaya kwa kidole. Kweli zilikuwa na tepu. Fyuzi zote mbili zilikuwa zimechomolewa na kuwekwa ndani ya kisanduku cha majivu ya sigara. Plagi ya antena ilikuwa imevishwa mfuko wa nailoni na kufungwa kwa mpira ili unyevu usiingie.

"Mwizi wa Kipsongo hutoa redio namna gani?" alimuuliza Nyambu.

"Hukata kwa koleo, hung'oa, huenda."

"Huyu ameliacha gari tayari kupokea redio nyingine. Ameua mtu, halafu akaikinga antena na mvua. Ni mmoja wa hao watu wa redio, Sajini. Washa gari."

Barabara ya Webuye ilijaa matrekta ya miwa, na Jerono alimkemea kila dereva kana kwamba wangemsikia. Fardosa alikuwa amewapa majina mawili ya watu walioongea na mumewe kila jioni. Viola, mwalimu wa fizikia mjini Bungoma. Na Mzee Khaemba wa Matulo, karibu na Webuye, aliyewafundisha wote na ndiye aliyeita majina kwenye baraza lao la hewani.

Viola aliitwa kutoka darasani. Alipoambiwa, alikaa kwenye ngazi na chaki bado mkononi. Alikuwa shuleni jana mchana kutwa. Mwalimu mkuu alithibitisha hilo kabla hata ya kuulizwa.

Jerono alitaka kujua kuhusu jioni. Baraza lilikuwepo?

Lilikuwepo, Viola alisema. Lakini Mzee alilifungua vibaya. Kila mwanachama ana alama yake ya wito, herufi na tarakimu za leseni, na Mzee huziita kwa mpangilio ule ule. Ya Abdikarim huwa ya kwanza. Hata akiwa kimya, huitwa, watu husubiri, ndipo ya pili ifuate.

"Jana?"

"Jana alianza na mimi. Nikadhani amesahau. Nikataka kumuuliza, akafunga baraza haraka, ati hewa mbaya. Hewa ilikuwa safi."

"Kwa nini amruke mtu?"

Viola aliinuka kutoka kwenye ngazi. Alikuwa ameanza kuliona mwenyewe.

"Kuna desturi, na ni Mzee aliyetufundisha. Mmoja wetu akifa, alama yake huitwa mara moja tu, siku ya kumuaga. Inaitwa, halafu wote tunanyamaza. Tangu afe hadi siku hiyo haiitwi, wala baada ya hapo. Tulifanya hivyo kwa kijana wake, Simiyu. Mzee mwenyewe ndiye aliyeita."

"Jana jioni nani alijua Abdikarim amekufa?"

"Hakuna," alisema Viola, na chaki ikakatika mkononi mwake.

Mzee Khaemba aliwapokea vizuri kule Matulo. Aliwaletea viti na kumwita Jerono "mama" kwa heshima ya kwao. Antena ndefu ilisimama juu ya banda la ng'ombe. Alisema amesikia habari ile mchana, imemuumiza sana. Jana? Jana alikuwa shambani.

Jerono hakukaa.

"Jioni ulianza baraza na nani, Mzee?"

"Viola."

"Si Abdikarim?"

"Nilijua hayuko hewani."

"Ulijuaje? Redio yake husafiri naye garini. Hata akiwa safarini unamwita."

"Nilichoka, mama. Uzee."

"Uzee ungekufanya urudie jina. Wewe uliliruka. Ungeweza kuliita tu, Mzee, kama kawaida, na sasa hivi ningekuwa Kitale nikimfungulia Kizito wa vyuma kesi ya mauaji. Mke wake ni mjamzito. Kizito angenyongwa kwa sababu ya jina ambalo wewe ulishindwa kulitamka."

Mzee alitazama antena yake.

"Hata hao wa vyuma wana watoto," alisema. Aliingia ndani, Nyambu akimfuata kisigino kwa kisigino, akatoka na redio imefungwa ndani ya shuka safi.

Alieleza akiwa amesimama, bila kuulizwa tena. Redio ilikuwa ya Simiyu. Kijana aliifunga kwenye gari lake la kubebea mboga kutoka Cheptais, akahifadhi chaneli zake humo, kila moja akaipa jina. BABA ilikuwa ile ya kuongea na nyumbani. Figo zilipomuua, Mzee hakuweza kuiona redio ile. Akampa Abdikarim, kwa sharti moja, asiguse majina yale.

"Na hakugusa," alisema Mzee. "Miaka yote. Lakini redio kuukuu ina kibetri kidogo ndani kinachoshikilia mambo hayo. Kikaanza kufa. Abdikarim akanipigia simu, Mzee njoo Kitale, nina zawadi. Tukaenda pale mahindini, huwa tunajaribia antena kwa sababu pako wazi. Akaniwashia. Amebadilisha kibetri. Ukibadilisha bila kuandika pembeni, inafuta yote. Yeye fundi, alijua, akasahau. Kioo kilikuwa kitupu."

"Akasema nini?"

"Alicheka kidogo, ile ya aibu. Akasema, usijali, Mzee, ni majina tu, tutayaandika tena." Aliikumbatia redio. "Spana ilikuwa juu ya injini. Alikuwa ameinama, amenipa mgongo."

"Halafu ukaifungua redio kutoka garini."

"Nisingeiacha kwa wezi."

"Na ukaikinga plagi."

"Mkono ulifanya wenyewe," alisema Mzee, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuogopa.

Jerono alimwagiza Nyambu apige simu kituoni, Kizito asalie na kosa la betri tu, na hospitali wamkabidhi Fardosa mwili mara upasuaji ukiisha. Kisha akaifunua redio. Ilikuwa imeunganishwa kwenye betri ndogo. Akabonyeza kitufe, kioo kikawaka rangi ya chungwa.

Majina yalikuwepo. BABA. SOKONI. MLIMA. Chaneli baada ya chaneli, hadi akafika kwenye moja yenye namba pekee.

"Nimeyaandika upya usiku kucha," alisema Mzee. "Hilo limenitoka. Kijana aliliweka yeye, nililiona mara nyingi, limenitoka kabisa."

"Hakuna mwingine anayelijua?"

Mzee alinyoosha mikono yake miwili kwa ajili ya pingu kabla hajaombwa.

"Abdikarim," alisema. "Yeye ndiye alikuwa akilisoma kila siku."