Kiganja Katika Unga

Asubuhi ile nyumba ya Bibi Dominika ilinuka mvua. Ulikuwa mwezi wa saba. Kijiji cha Kitangari hakikuwa kimeona tone kwa muda mrefu, na kila mtu alinuka salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Yasinta, mjukuu wake, aliinuka kitandani kabla wengine hawajaamka, akaifuata ile harufu. Ilimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye shina la mti wa ukoo, mahali ambapo chungu kilikuwa kimefudikizwa tangu jana yake jioni.

Chini ya chungu kulikuwa na jibu la posa yake.

Katika ukoo ule, kijana akiposa, Bibi humimina unga wa mtama taratibu mpaka usimame kama kichuguu, hutaja jina la kijana, kisha hufunika. Asubuhi mjomba wa binti hufunua mbele ya watu. Unga ukikutwa umesimama, kijana amepokelewa. Ukikutwa umeporomoka, anashukuriwa, anapewa kuku wa njiani, anarudi kwao salama. Bibi alikuwa mtu wa misa kila Jumapili, na hakuona kwamba mambo hayo mawili yana ugomvi.

Aliyejibu hakuwa mzimu wa babu. Alikuwa Mwenye Maji, jini ambalo mama yake Bibi alipanda nalo kutoka bondeni, enzi za wanawake kushuka na mitungi na kurudi jua limeshachwea. Walifanya agano: yeye awape maji, wao wampe neno la mwisho juu ya mabinti. Tangu hapo kisima cha nyumba ile hakikukauka. Paulina, dada ya mama yake Yasinta, alikataliwa mchumba akatoroka naye. Mume huyo aliokotwa katikati ya shamba la mihogo, kwenye mchanga mkavu, mapafu yamejaa maji.

Yasinta alilijua hilo. Lakini siku alipokutana na Vitalis stendi ya Masasi, kijana yule wa Nanganga alimwambia hata kabla ya salamu, "Wewe nimekuota." Yasinta alicheka, kisha akanyamaza, kwa sababu na yeye alikuwa amemwota.

Alifunua chungu.

Unga ulikuwa umeporomoka. Katikati yake palikuwa na alama ya kiganja, chenye vidole virefu kuliko vya mtu, na alama hiyo ilikuwa imelowa. Yasinta aliitazama nyumba. Kimya. Akapiga magoti, akaweka mkono wake juu ya ile alama, akaanza kuukusanya unga. Aliufinyanga mpaka ukasimama. Akafunika.

Jua lilipotoka, Mjomba Ladislaus alifunua mbele ya ndugu, akasema, "Amepokelewa." Wanawake wakapiga vigelegele. Yasinta naye alipiga. Alikuwa ameuficha mkono wa kulia ndani ya khanga, maana kila alipoufuta ulilowa tena.

Vitalis alihamia kwa wakwe, kama ilivyo ada ya mkwe mpya, afanye kazi ya shamba hadi ndoa ifungwe. Alikuja na mashine yake ya kupulizia salfa na begi moja.

"Shikamoo Mjomba. Nyumbani wameniaga kama naenda jangwani," alisema. "Wanadai Mmakonde anaoga Krismasi na Pasaka."

"Marahaba. Na Mmakua anakula hadi kamba za kitanda," alijibu Mjomba Ladislaus. "Beba mashine yako uende shamba. Ukila miche yangu nakurudisha kwenu."

Walicheka wote, kama watani. Bibi peke yake hakucheka. Alikuwa akinusa hewa.

"Yasinta," alisema kwa sauti ya chini. "Nani kamwaga maji humu ndani?"

"Hakuna, Bibi."

"Mbona nasikia harufu ya mvua?"

Zikapita siku chache. Siku moja kulipopambazuka, mlangoni pa chumba cha Vitalis kulikutwa nyayo za maji. Zilikuwa zikiingia. Za kutoka hazikuwepo.

Asubuhi moja Vitalis alikuwa akipulizia mikorosho ya mwisho ya shamba, na Yasinta alikuwa akimpelekea uji. Alisikia mashine ikinguruma, ikakohoa, ikazima. Kisha akasikia mtu akikohoa hivyo hivyo. Alitupa bakuli akakimbia, na alipotokeza kwenye vumbi la njano la salfa alimwona Vitalis ananyanyuliwa kutoka chini na kitu ambacho hakikuonekana, anabamizwa kwenye shina la mkorosho, ananyanyuliwa tena, anabamizwa tena, mkono wake wa kushoto unavunjika kwa mlio wa ukuni, na kila anapofungua kinywa kupiga kelele yanatoka maji, mengi, meusi, yanamwagika kifuani na kuchimba mchanga, hadi macho yakageuka weupe na mwili ukalegea, na kile kilichomshika kikamwachia taratibu, kama mtu anavyoweka nguo anayokusudia kuivaa.

Kisha kikaivaa.

Vitalis alisimama. Mkono uliovunjika ulining'inia, naye hakuushughulikia.

"Mke wangu," alisema. Kinywa kilinuka mvua. "Ulinipa mkono kwa hiari yako."

Mjomba Ladislaus alikuja mbio na panga la kufyekea. Alichowahi kusema ni, "Mkwe, kuna nini?" Yule aliyekuwa Vitalis alichomoa bomba la mashine akampiga nalo usoni. Taya lilivunjika kwa pigo la kwanza. Aliendelea kupiga hata Mjomba alipokuwa ameanguka, bila hasira, kama mtu anayetwanga, mpaka wanaume wa shamba la jirani wakamrukia. Mmoja aling'atwa sikio likatoka. Walimfunga kwa kamba za katani kwenye nguzo ya banda la korosho, mikono na hata shingo. Mjomba walimbeba hadi zahanati.

Bibi Dominika alimvuta Yasinta jikoni akafunga mlango.

"Sema."

"Bibi, niliogopa atarudishwa kwao."

"Uligusa unga?"

Yasinta alionyesha kiganja. Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye mistari yake. Bibi alimzaba kofi, kisha akamkumbatia, wakabaki hivyo, wanasikiliza jina la Yasinta likiitwa kutoka bandani kwa upole.

Fundi Mahmudu, mganga wa Newala, alifika mchana kwa bodaboda. Hakuingia bandani moja kwa moja. Alikaa mkekani, akasikiliza, akaukagua mkono wa Yasinta.

"Shida haikuwa Mwenye Maji kukataa," alisema. "Angekataa tu, kijana angepanda gari akarudi Nanganga mzima. Lakini binti aliweka mkono juu ya mkono wake. Hiyo kwa majini ni ndoa. Mke ameshampata, kilichobaki kilikuwa mwili wa kumjia nao."

"Na Vitalis?" aliuliza Yasinta.

"Yumo. Amesukumiwa ndani kabisa. Nikimwacha mpaka jua lizame, atazama naye."

"Mtoe, Fundi," alisema Bibi. "Kisima na kikauke."

"Simtoi mimi. Mkono uliomkaribisha ndio umtoe." Alifungua mfuko akatoa fimbo ya mpingo, nyeusi, nene kama kifundo cha mkono. "Utampiga, binti. Usihesabu. Usisimame mpaka mimi niseme basi. Na atakubembeleza kwa sauti ya mwenzio. Usiisikie."

Jua lilikuwa utosini. Ndani ya banda palikuwa na baridi, na mchanga chini ya nguzo ulikuwa tope. Aliyefungwa alipomwona Yasinta na fimbo, alitabasamu. Fundi alianza kusoma aya.

Yasinta alipiga bega. Kitu kiliguna, si kwa sauti ya mtu. Akapiga mbavu, akasikia mfupa. Maji yalimtoka yule mtu puani na masikioni, kamba zikalia, nguzo ikayumba hadi makuti yakadondoka, naye Yasinta akapiga tena na tena huku analia, mikono imejaa damu ambayo hakujua ni ya nani, na sauti ya Fundi inapanda, na harufu ya mvua inakuwa kali hadi inachoma koo, na uso anaoupenda unavimba mbele yake, unapasuka kwenye nyusi, kisha ghafla macho yake yanarudi kuwa meusi na kumtazama.

"Yasi," alisema. Ilikuwa sauti ya Vitalis hasa. "Yasi, ni mimi. Basi. Unaniua."

"Piga!" alisema Fundi.

"Umesahau stendi ya Masasi? Nilikwambia nimekuota. Yasi, jino limetoka. Angalia mkono wangu. Naumwa."

"Piga, binti! Usimwangalie!"

Fimbo ilikuwa juu. Aliona damu inavyotiririka kutoka nyusi mpaka kwenye mdomo uliombusu. Harufu ya mvua ilikatika. Hewa ikawa ya kawaida, ya salfa na maganda ya korosho, na yule aliyefungwa akaanza kulia kama mtoto.

Yasinta aliiacha fimbo ianguke.

Alimfungua shingo, akamfungua mikono. Fundi Mahmudu alinyamaza katikati ya aya. Hakumzuia. Alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, akamshika Bibi mkono, akamtoa nje.

Yasinta alimpakata Vitalis kwenye tope. "Imekwisha," alimwambia. "Imekwisha, mpenzi wangu." Alimwinamia, sikio karibu na kinywa chake, maana midomo ilikuwa ikitikisika.

Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya mtu aliye mbali chini.

"Yasi, mbona umeacha? Nilikuwa nimeshafika mlangoni."

Kisha midomo ikafungwa na mtu mwingine, na mkono uliovunjika ukainuka wenyewe, ukazunguka mgongo wake, ukambana.