Nyasi za Kubakizwa

Uchovu wa Kiberiti, mlinzi wa hifadhi ya nyasi, haukuwa wa siku moja. Mkewe alikuwa kitandani mwezi wa pili, miguu imekataa, na jioni ile mzee alitaka jambo moja tu: amalize kuchoma, arudi akamnyweshe uji.

Mbuga ile haijawahi kuonja jembe. Kabla haijawa hifadhi walikaa watu, nao ndio walioichoma kila kiangazi ili majani mapya yaote. Wakahamishwa, tena kwa nguvu. Moto ukabaki kwa walinzi, na sharti lake: kipande cha katikati hakichomwi. Ukiuliza, utaambiwa ni kimbilio la ndege na sungura. Haya.

Lakini kukifyekea kinga ya moto kukizunguka ni kazi, jamani. Kiberiti alikitazama, akalitazama jua linavyozama.

"Leo mtanisamehe," akasema, akatupa njiti humo.

Nyasi zikalia. Pa... papa... pa...

Halafu akasikia kikohozi.

Mwanamke alitoka ndani ya moshi, mkeka kwapani. Nyuma yake walikuwapo wengine, nyuso hazionekani.

"Baba," akanong'ona, "sasa sisi tulale wapi?"

Mtu aliyechoka hujibu kwa mazoea. Kiberiti alidhani ni wapita njia, akawajibu kama anavyojibiwa mgeni yeyote: "Karibuni kwangu, mama. Patatosha."

Hakuna aliyeshukuru. Moshi ulipopita, hapakuwa na mtu.

Akatupa kila kitu, akakimbia nyumbani.

Mlango ulikuwa wazi. Mkewe alikuwa amesimama kizingitini. Amesimama! Kiberiti alifurahi, kisha akaogopa. Ndani, gizani, watu walikuwa wakikohoa.

"Mume wangu, ndani pamejaa," mkewe akasema taratibu. "Wameniambia nikalale kwao."

Akamshika mkono. Ulikuwa mkavu, wa moto... ukamponyoka.

Alimtafuta mpaka kukacha. Mbuga yote ilikuwa majivu, isipokuwa kile kipande cha katikati alichokichoma kwa mkono wake. Kilikuwa kimesimama kirefu, bila alama ya moto. Ndani yake nyasi zilikuwa zimelala, kiasi cha mtu mmoja.

Siku hizi Kiberiti hulala kibarazani kwake. Wenzake humsihi astaafu, akapumzike nyumbani.

Apumzike wapi? Ndani pamejaa.